Udongo Usoni kwa Mama

Harufu ninayoikumbuka zaidi ya mwaka ule ni ya ndoo ndogo ya plastiki iliyokaa chini ya sinki la jikoni kwetu, mtaa wa Berea, Durban, Afrika Kusini. Ilinuka limau, sabuni ya unga na kitu kikali kama dawa ya kulainisha nywele, na ukiifungua karibu na uso macho yalitoka machozi yenyewe. Ndani yake mlikuwa na mkorogo. Aliuchanganya Mama Divine, mwanamke wa Kikongo tuliyegawana naye fleti, yeye chumba cha mbele, sisi Watanzania cha nyuma. Mama alianza kuupaka kwa sababu ya harusi ya rafiki yake; alitaka uso mweupe kwenye picha. Lakini mkorogo unataka mtu wa kukaa ndani, na Mama aliuza nyanya na vitunguu kando ya barabara, jua la Durban likimpiga usoni tangu asubuhi. Aliposema mashavu yanawaka, Mama Divine alimtuliza kwa Kiswahili chao cha kuchanganya Kifaransa: "Usiogope, dada. Inachoma kwanza, kisha iko bien." Mama akaamini kwamba kuchoma ndiyo kazi yenyewe, akaongeza.

Harusi ilipofika hakwenda. Ngozi ya mashavu ilibambuka, ikaota upya kwa mabaka, mengine mekundu yanayong'aa kama alama ya pasi, mengine meusi yenye ubuluu chini ya macho. Zahanati walimpa dawa ya kupaka, wakamwambia akae mbali na jua, kana kwamba nyanya huuzwa chumbani. Mama Divine alilia kuliko Mama, akamwaga ndoo yote chooni, na siku kadhaa choo chetu kikanukia limau. Mimi nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kurudia ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda, na uso ule ulinisumbua kwa namna ambayo sikuweza kumwambia mtu. Usiku nilifumba macho nikajaribu kuujenga upya uso wa zamani. Nilianza na paji, nikashuka kwenye nyusi, na kila nilipofika mashavuni picha ilivurugika, nikaanza tena.

Aliyemwokoa Mama ni MaDlamini, Mzulu aliyeuza mahindi ya kuchemsha kwenye meza iliyopakana na yake. Wanawake wengi wa Kizulu wanaoshinda juani hupaka usoni udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na maji. Ukikauka unakuwa kama ganda jembamba, na jua haligusi ngozi. MaDlamini alimpaka Mama kwa vidole vyake, bila kumuuliza, akamwambia kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba sasa amekuwa dada yake. Mama alirudi nyumbani jioni ile na uso laini wa rangi ya tofali, bila baka hata moja. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha rangi kule Jacobs, alisimama mlangoni akasema, "Samahani, sisi," kama Wazulu wanavyomwita dada, "nimekosea nyumba." Mama alicheka mpaka udongo ukapasuka pembeni mwa mdomo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu harusi ile.

Wiki hizohizo mwanafunzi wa ghorofa ya juu alihama, akaacha boksi la vitabu kwenye ngazi. Nilichukua kimoja kisicho na jalada, hadithi fupi za Kijapani zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, na hadi leo sijui aliyeziandika. Kiingereza changu cha shule hakikutosha, kwa hiyo nilisoma na kamusi mapajani, neno kwa neno. Hadithi iliyonishika ilihusu mke wa mfinyanzi katika mji wa theluji. Tanuri lilipasuka likamuunguza uso. Mumewe akamchongea uso wa mbao, akauchorea tabasamu dogo, na mke akaufunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Sokoni watu walimpenda kuliko zamani. Lakini mama yake alipofariki hakuna aliyempa pole, kwa sababu uso ulikuwa unatabasamu, na baadaye yeye mwenyewe akawa hajui kama ana huzuni mpaka aguse mbao akute imelowa machozi. Mwishoni mwanawe anarudi kutoka safari ya mbali, anaomba amwone mama yake. Mwanamke anapeleka mkono kwenye fundo la uzi. Hapo karatasi zilikuwa zimechanika.

Nilikaribia kuugua. Niliandika miisho yangu mwenyewe nyuma ya daftari la hesabu. Katika mmoja mtoto anamkumbatia, katika mwingine anakimbia, na katika ule uliokuja bila kuuita, chini ya mbao hakuna uso kabisa. Niliifuta yote, kwa maana wakati huo nilikuwa naona jambo likitokea nyumbani. Wateja wa Mama walianza kumsalimia kwa Kizulu. Vijana waliokuwa wakipita wakitutukana kwamba turudi kwetu walimpita kimya, au walimwita mama wakanunua nyanya. MaDlamini alimpa jina, Thandi, na Mama akaitika. Mwanzoni alisimulia nyumbani kama kichekesho. Kisha akaacha kusimulia. Akaacha pia kuosha udongo anapofika. Alipika nao, akala nao. Siku moja nilimwita mara mbili asigeuke, na Mama Divine alipotania kutoka jikoni, "Thandi, mtoto anakuita," aligeuka.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamdai uso wake, nacho ni Bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa Ujiji. Tangu mkorogo, Mama hakutuma picha wala kupokea simu ya video. Alipiga ya sauti tu, akisingizia mtandao mbovu. Bibi alikuwa amesikia habari za wageni kupigwa Durban, na pale mtaani kwake kulikuwa na mzee aliyefichwa kifo cha mwanawe kwa muda mrefu, binamu akipiga simu na kuigiza sauti ya marehemu ili mzee asife kwa uchungu. Kwa hiyo Bibi aliposikia sauti bila uso alijua, au alidhani anajua. Mjomba, anayeishi naye, alitupigia akiwa na hofu. Alimweka Bibi mwenyewe kwenye simu, na nilimsikia akiongea taratibu kama mtu anayepanga bidhaa sokoni: "Nimeshaazima majamvi na masufuria makubwa. Jumapili nisipomwona mwanangu Mwajuma kwa macho yangu, namsomea hitima. Na baada ya hapo msinipigie mkiniigizia sauti ya maiti."

Jumapili mchana Mama alikaa karibu na dirisha. Alikuwa amejipaka udongo vizuri kuliko siku zote, bila mstari wala ufa, akafunga na ushungi wa kijani. Aliniambia nishike simu, kwa kuwa mimi nilisifika kwa kushika vitu sawasawa. Bibi alitokea kwenye kioo, nyuma yake majamvi yakiwa yameegemezwa ukutani. Alitazama. Hakuuliza hata shikamoo iko wapi.

"Nani huyo?" akauliza hatimaye.

"Mimi, mama."

"Wewe mimi gani?"

Mama alivuta ushungi mbele kidogo. Bibi akamgeukia Mjomba. "Mwanangu ana uso. Huyu wamemfunika. Mwambie mtu wa mchele alete, hitima inasomwa."

Mama aliinuka akaenda bafuni. Nilisikia bomba likifunguliwa. Nilibaki nimeshika simu, uso wangu mdogo ukiwa kwenye kona ya kioo, na kichwani mwangu mkono wa yule mwanamke wa theluji ulikuwa kwenye fundo la uzi. Sasa nitajua mwisho, nilijiambia, na sikutaka kuujua. Niliogopa kwamba Bibi angemtazama na bado asimjue, na kwamba majamvi yangetandikwa, na Mama angeishi maisha yake yote akiwa ameshasomewa hitima na mama yake mwenyewe. Maji yalikimbia muda mrefu. Alipotoka, ukosi wa gauni ulikuwa umelowa mwekundu, na uso ulikuwa wazi, mabaka yote, mashavu yakimeta maji. Alikaa palepale kwenye mwanga.

Bibi alivuta simu karibu mpaka tukaona jicho lake tu, kubwa, lenye ukungu pembeni. "Geuka," alisema. Mama akageuka. "Huku." Akageuka tena. Kisha jicho likarudi nyuma, na Bibi akashusha pumzi ndefu.

"Ni mkorogo huo?"

"Ndiyo, mama."

"Majamvi yarudisheni," Bibi akamwambia Mjomba. Halafu akakaa vizuri, akafunga kanga kifuani. "Haya, Mwajuma. Nilikuwa nakulilia, na maiti hasemwi. Sasa nakusema." Akamsema. Alimsema mpaka chaji ikaisha, kwa ulimi ule wa Ujiji usioacha mahali pa kujificha, na Mama alikaa akiitikia "ndiyo, mama, ndiyo, mama," machozi yakipita juu ya mabaka bila kuzuiliwa na kitu.

Mama bado anauza nyanya, na bado anapaka udongo asubuhi, kwa ajili ya jua, jioni anaosha. Wengine wanamwita Thandi, anaitika, kisha akifika nyumbani ni Mwajuma. Mabaka hayakuondoka. Mimi nimemaliza shule, sikwenda chuo, nimejifundisha mwenyewe yale ninayoyajua, na nimesoma kila hadithi ya Kijapani niliyoikuta maktaba. Nyingi zinazohusu nyuso za bandia huisha vibaya: uso wa bandia unashinda, au mtu anauvua na kukuta hana kwa kurudi. Ile isiyo na jalada sijaipata. Zamani nilidhani sisi tulipona. Lakini siku hizi sipokei simu ya video kabla ya kujitazama, na simu yangu ina filta inayolainisha ngozi na kupunguza pua kidogo tu, kiasi ambacho hakuna atakayegundua. Nimeizoea hata nikijiona kwenye kioo cha bafuni nashtuka kidogo, kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwingine. Ninakaa nayo siku nzima, nikirekebisha, na hakuna siku niliyoona imetosha.

Juzi Bibi alinipigia. Macho yake yameharibika zaidi, na nilidhani haoni tena kitu. Alisogeza simu mpaka likabaki lile jicho.

"Nani huyo?"

"Mimi Rehema, Bibi. Shikamoo."

"Wewe Rehema gani?"

Vidole vyangu vilihangaika kwenye kioo, vikitafuta pa kubonyeza.

"Ngoja, Bibi," nikamwambia. "Naosha uso."