Mama Eva Alivyomtaja Mwenye Ng'ombe

Huku Masieda hatuulizani ng'ombe ni wa nani. Ukimkuta jirani anakamua asubuhi, unamsalimia na kupita. Huenda ng'ombe ni wake, huenda ni wa rafiki yake wa mbali aliyemkabidhi amtunze. Anayetunza hupata maziwa na samadi, mwenye mali hupata ndama. Ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi mali yote ya mtu, na macho ya watu hayapati cha kuhesabu. Siri hiyo hukaa kwa wawili tu. Kumtaja mwenye ng'ombe hadharani ni kama kumvua nguo sokoni.

Fabiola, ambaye sote tunamwita Mama Eva, alikuwa na ng'ombe wawili wa namna hiyo, mmoja mwekundu na mwingine wa mabaka. Wote walikuwa wa Baltazar, mzee wa Dirma, upande wa Hanang, rafiki wa marehemu baba yake. Shamba la Mama Eva ni dogo na limechoka. Bila samadi halitoi hata mahindi ya kuchoma. Nyumba yake ilisimama juu ya miguu ya ng'ombe wale.

Mumewe, Sulle, ni fundi wa matofali. Hakuwa mlevi wala mgomvi, na wanawake wengine walimwonea Mama Eva wivu. Kisha Modest akaweka dubwi dukani kwake, ile mashine ya kamari inayomeza sarafu za mia mbili huku ikipiga muziki. Leseni aliibandika ukutani, juu ya maboksi ya sabuni.

"Ni halali kabisa," aliwaambia waliouliza. "Hata serikali inapata kodi yake."

Sulle alianza na chenji. Baadaye akaanza kurudi mikono mitupu.

"Baba Eva, chumvi iko wapi?"

"Modest hana chumvi."

"Duka zima halina chumvi?"

"Nimeshasema hana. Au niitengeneze?"

Kazi ya matofali ilipokatika kwa mvua, Sulle alimswaga yule mwekundu mpaka mnadani. Aliyemwandikia kibali cha mifugo hakuuliza ng'ombe ni wa nani, na mnunuzi naye hakuuliza. Nani angeuliza? Desturi iliyomfichia Baltazar mali yake miaka yote ndiyo iliyomfungulia Sulle njia. Fedha yenyewe haikufika nyumbani. Iliishia dukani kwa Modest.

Mama Eva alikwenda Dirma mwenyewe kupeleka habari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mbona uso umekuwa hivyo?"

Alipomaliza kueleza, Baltazar alichungulia kwanza kama kuna mtu mlangoni.

"Tuhesabu alikufa kwa homa ya ndigana," alisema. "Yule wa mabaka abaki kwako. Lakini neno hili liwe langu na lako. Ndugu zangu wanaamini mimi ni maskini, na nawaombea waendelee na imani yao."

Mama Eva alicheka huku akilia. Aliahidi.

Haukupita muda, ikasikika kwamba watu wa kampuni ya madubwi wanatafuta vyumba vya kuweka mashine nyingine: moja njia panda, moja mkabala na shule, moja jirani na zahanati. Mwenyekiti wa kijiji, Margwe, aliitisha mkutano mkuu. Alipendekeza itungwe sheria ndogo ya kuzuia mashine mpya. Mama Eva alikaa mbele. Alijua kwamba dubwi likiwa kila kona, yule wa mabaka naye atauzwa, na hapo Baltazar hatahesabu ndigana ya pili.

Modest alisimama akiwa ametabasamu.

"Ndugu zangu, mtu akipoteza hela, amepoteza yake. Kesho mtatunga na sheria ya vijiko vya sukari kwenye chai?"

Wanaume wakacheka.

"Mama Eva analia kijiji kizima kwa sababu mumewe kauza ng'ombe. Sasa ng'ombe si wa mumewe? Mimi nikiuza beberu wangu, mbona hamuitishi mkutano?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba beberu la Modest linanuka, hakuna wa kulinunua. Margwe akagonga meza.

"Mama Eva, una neno?"

Alisimama, akaishika kanga yake kifuani.

"Yule ng'ombe hakuwa wetu."

"Wa nani basi?" Modest alidakia. "Alishuka na mvua? Taja, tumjue. La sivyo unamsingizia mumeo mbele za watu."

Mama Eva alimtazama Sulle. Sulle alikuwa akichora ardhini kwa kijiti, wala hakuinua uso. Neno lake moja tu lingetosha kumwokoa mkewe. Hakulisema.

"Wa Baltazar wa Dirma," Mama Eva alisema. "Alinikabidhi mimi. Na ninyi mnaocheka, kila mmoja ana ng'ombe wake kwenye zizi la mtu. Mnajua wenye mazizi hayo wanashinda wapi siku hizi?"

Hakucheka mtu. Wanaume walianza kutazamana, kila mmoja akilifikiria zizi fulani. Margwe alipoita kura, mikono iliinuka yote, hata ya mjomba wake Modest.

Mwanasheria wa halmashauri alikuja baadaye, kijana mpole, akaeleza kwa Kiswahili chepesi. Kijiji kinaweza kuzuia mashine mpya karibu na shule, zahanati na soko, na kwa ramani yetu hapo hapabaki mahali pa kuziweka.

"Na hii iliyopo?" Mama Eva aliuliza.

"Hiyo ina leseni ya sheria ya nchi, mama. Sheria ndogo haiwezi kuing'oa."

"Leseni ikiisha?"

"Anaweza kuihuisha."

Kwa hiyo mashine mpya hazikuja. Ni ushindi, na nimeuandika kama ushindi. Lakini dubwi la Modest sasa halina mpinzani, na wacheza kamari wa vijiji vya jirani humiminika kwake. Ameongeza benchi nje. Sulle hukaa benchi hilo.

Baltazar alifika asubuhi moja na kamba begani. Alikataa kiti.

"Wadogo zangu wamenijia wote, na wake zao," alisema. "Wamehesabu mpaka ng'ombe nisio nao. Ulisema kweli, binti yangu, na kijiji chenu kimepata sheria nzuri. Lakini zizi lililotajwa siwezi tena kuficha kitu ndani yake."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Sina hasira. Ningekuwa na hasira ingekuwa rahisi."

Alimfunga yule wa mabaka kamba, akavuta. Ng'ombe alikita miguu. Alikuwa amezaliwa katika zizi lile na hakumjua mwenye mali yake. Sulle alisogea kusaidia.

"Wewe usimguse," Baltazar alimwambia, bila kupandisha sauti.

Ikabidi Mama Eva aishike kamba. Akamwita kwa mlio wa ulimi kama afanyavyo wakati wa kukamua, na ng'ombe akamfuata. Wakashuka mteremko watatu, wakapita duka la Modest na watu wa benchini wakainamisha macho, wakafika mtoni ambako njia ya Hanang huanzia. Hapo alimkabidhi Baltazar kamba. Ng'ombe aligeuza kichwa, akasimama akimtazama, akimsubiri atangulie.

Mama Eva akamchapa kiunoni kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, ili aende.