Siku Fundi Nurdini Alipopaza Sauti

Fundi Nurdini Awadhi alikuwa na sauti ndogo mno. Hakuwa mgonjwa wa koo, wala hakuwa mtu wa kuogopa watu; ndivyo alivyozaliwa. Wateja waliokuja kwenye kibaraza chake pale Mtendeni kushonesha suruali na makoti walijikuta wakiinamia cherehani ili wasikie siku ya kufuata nguo zao. Msikitini, akiitikia amina, aliyeketi ubavuni mwake alidhani amevuta pumzi tu. Nyumbani, mkewe Zuwena alikwisha kuzoea kumsoma midomo, na kwa kuwa midomo haisomeki kutoka jikoni, Nurdini akitaka chai alinyanyuka akaiombe uso kwa uso. Waliishi hivyo miaka mingi kwa mapenzi. Hakuna aliyewahi kumsikia akigombana na mtu, na mwenyewe aliona hiyo ni neema.

Kilichomwingiza kwenye gofu ni bendera. Mjini kulikuwa na kiwanja cha zamani cha mashimo tisa, na bendera za mashimo hayo zilikuwa zimeliwa na jua na upepo wa kiangazi hadi zikabaki nyuzinyuzi. Mzee Nestory, gadi wa treni mstaafu aliyekisimamia kiwanja hicho, akamletea kitambaa chekundu amshonee nyingine. Nurdini alipozipeleka alikuta watu wanacheza, akasimama kutazama. Nestory akampa fimbo, kwa utani tu.

"Hebu jaribu, fundi. Ila usiupige kwa hasira."

Fundi hakuwa na hasira ya kupigia. Aliukazia macho ule mpira kama anavyolikazia tundu la sindano, akazungusha mikono taratibu, na mpira ukaondoka. Ukapanda, ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukashuka mbali, karibu kabisa na shimo la kwanza, palipotandazwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, maana nyasi laini hazistahimili kiangazi cha Tabora. Waliokuwepo wakapiga makofi. Nurdini akarudi nyumbani akicheka peke yake njia nzima, mpaka mwenye boda boda aliyempita akageuza shingo kumwangalia.

Tangu hapo hakukosekana Jumamosi. Zuwena alimshonea mfuko wa fimbo kutokana na turubai kuukuu, akamwambia ni heri gofu kuliko bao, kwa sababu kwenye bao wanaume hukaa kitako.

Nestory akawa mwalimu wake, na fundisho lake la kwanza halikuhusu mashimo. Kile kiwanja kilikatwa katikati na njia ya miguu. Wapo waliosema ni kipande cha ile njia ya misafara waliyopita wapagazi na mizigo yao wakielekea Ujiji. Wengine walisema njia ni njia tu. Kwa vyovyote, watu wa Chemchem walipita hapo kwenda sokoni na kurudi, na hapakuwa na aliyefikiria kuwazuia.

"Sikiliza, fundi," Nestory alisema. "Ukiona mtu njiani, hupigi. Mwache apite, hata kama anatembea kama kinyonga. Na mpira ukikutoroka, paza sauti papo hapo. Usingoje kuona utaangukia wapi, maana huo utakuwa umeshafika. Sema 'Foo!' Ndivyo wachezaji wanavyoonyana dunia nzima. Hapa kukosea mpira si aibu. Aibu ni kunyamaza."

"Foo," akasema Nurdini.

"Eeh, sema sasa."

"Nimesema."

Nestory alimtazama kwa huruma. Yeye mwenyewe alikuwa na sauti ya kusimamisha treni. "Basi tutacheza pamoja," akasema. "Kelele niachie mimi."

Mpango huo ulikwenda vizuri hadi Jumamosi moja ng'ombe walipoingia kiwanjani na Nestory akaenda kuwafukuza. Nurdini aliitazama njia, akaiona nyeupe, akapiga. Kumbe nyuma ya miembe kulikuwa na mtu anakuja. Mpira ulianza vizuri, halafu ukajikunja kulia kama ulioitwa, ukaelekea njiani, na hapo hapo akatokeza mama mmoja amejitwika ndoo.

Nurdini alifungua kinywa. Alisukuma kwa nguvu zake zote. Kilichotoka hakikuwastua hata kunguru waliokuwa wakidonoa nyasi miguuni pake.

Mpira ukaipiga ndoo. Mfuniko ukaruka, ndoo ikapasuka ubavu, na asali ya miombo, nyeusi na nzito, ikaanza kumshuka yule mama kutoka kilembani hadi mabegani, polepole, bila haraka yoyote.

"Mayu wane!" mama akaita mamaye, akasimama wima na mikono hewani.

Nurdini alikimbia akijikwaa. Alifika akihema, na kwa kuchanganyikiwa akasema neno la kwanza lililomjia mbele ya mtu mzima. "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu kwa mazoea, huku asali ikimdondoka kidevuni.

"Umeumia?"

"Unasemaje?"

"Nimeuliza, umeumia? Nisamehe sana. Ni mimi."

"Baba, mimi sikusikii. Sogea hapa."

Akasogea, akamwambia karibu na sikio. Mama akajipapasa kichwa, akaona kizima, shingo nzima. Kisha akamkazia macho. "Sasa kwa nini hukunipigia kelele?"

"Nilipiga," Nurdini akasema.

"Ulipiga?"

"Nilipiga sana."

Mama alimtazama yule mtu mzima, mwenye kofia safi ya kufuma na macho yaliyojaa machozi, akaelewa kwamba hasemi uongo. Kicheko kikamshika. Alicheka mpaka akaketi palepale njiani, na nyuki wawili watatu wakaanza kumzunguka. Nestory alipofika mbio aliwakuta hivyo, mmoja analia na mwingine anacheka, akashindwa kujua amhurumie nani.

Mama huyo aliitwa Bernadeta, mkulima na mrina asali wa Goweko, na alikuwa akipita kumpelekea asali ndugu yake mgonjwa. Nurdini alimchukua hadi nyumbani. Zuwena akachemsha maji, akampa khanga mpya, akamwosha nywele kwa mikono yake huku akiomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Ndoo na asali vililipwa siku hiyo hiyo bila ubishi. Wanawake hao wawili walikaa wakila maandazi hadi alasiri, na Bernadeta aliporudia habari ya "nilipiga sana," Zuwena alifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Nurdini hakucheka. Alikuwa akiiona ile ndoo, na chini ya ndoo kichwa. Akauweka mfuko wa fimbo nyuma ya meza ya kupigia pasi. Jumamosi iliyofuata Nestory alikuja kumpitia, akakataa. Nyingine akakataa. "Mtu asiyeweza kuonya wenzake hana haki ya kurusha kitu," alimwambia mkewe.

Zuwena hakupenda kumwona mumewe akishona akiwa ameinama kama aliyefiwa. Basi Bernadeta alipoleta sare za kwaya yake zishonwe, kisha akawaalika wote wawili Goweko sare zitakapokuwa tayari, wanawake wakanong'onezana kidogo mlangoni.

Walikwenda wakati mahindi yamekwisha kuvunwa na mashamba yapo wazi. Baada ya ugali na kuku, Bernadeta akasimama. "Fundi, mimi nakwenda mwisho wa shamba lile. Nitakupa mgongo. Nikisikia, nitainama. Nisiposikia, nitabaki nimesimama mpaka jua lizame, na wewe ndiye utakayekuja kunibeba."

"Nikuite vipi? Foo?"

"Hiyo foo waachieni wazungu wenu. Mtu akiniambia foo mimi nitageuka kumtazama nione ana shida gani, na uso ndio utakaopigwa. Niambie cha kufanya. Niambie inama."

Akaenda. Alikuwa kiumbo kidogo cha rangi ya chungwa kule mwisho, amesimama kati ya mabua. Zuwena alisimama kando ya mumewe.

"Inama," akasema Nurdini.

Bernadeta hakutikisika. Panzi mmoja akaruka.

"Tena, Baba Shamila," Zuwena akamhimiza mumewe.

"Inama!"

"Unatoa kooni," Zuwena akasema. "Shusha chini. Unapocheka, kicheko kinatoka wapi? Basi toa hapo."

Alijaribu, akajaribu tena, jasho likamtoka kana kwamba analima. Kule mwisho Bernadeta alianza kuchoka. Akabadilisha mguu. Akajikuna. Kisha, akidhani labda ameitwa na masikio yake ndiyo mabovu, akainama kwa tahadhari, akachungulia nyuma katikati ya miguu yake, akaona hakuna lolote, akasimama tena.

Nurdini aliangua kicheko. Hakikuwa kile cha siku zote cha kutikisa mabega; kilitoka tumboni, kikubwa, kikampasua mbavu. Na kabla hakijakatika akajikuta amevuta pumzi na kuitupa.

"INAMAAAAA!"

Mbwa wa kijiji wakabweka. Kwenye bani la jirani, lile banda la kukaushia tumbaku, wanaume waliokuwa wakitundika majani waliinama wote kwa pamoja. Bernadeta alijitupa chini kifudifudi, mikono kichwani, halafu akainuka na mabua kilembani, akacheza ngoma peke yake katikati ya shamba. Zuwena alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti ya mumewe, na alijiona kama bibi harusi anayefunuliwa shela.

"Rudia," alimwambia taratibu. "Nilikuwa sijajiandaa."

Akarudia. Akaendelea hadi sauti ikamkauka, na njia nzima ya kurudi mjini alikuwa akitabasamu bila kuweza kusema neno.

Aliporudi kiwanjani, Nestory alifurahi hata akasahau kumsalimu. Wakati ulikuwa mzuri, kwa sababu wageni kutoka Mwanza walikuwa wanakuja kucheza mechi ya kirafiki. Siku hiyo ikafika, watu wakapangwa wanne wanne, na Nurdini akawekwa kundi moja na Nestory na mgeni mmoja mpole aitwaye Fikiri, mwenye mabega mapana na fimbo mpya zinazong'aa.

Walikuwa shimo la nne, karibu na njia. Njia ilikuwa tupu. Fikiri akauliza kama apige, wakatazama pande zote, wakamwambia piga. Alipiga kwa nguvu zote za mabega yale. Mpira ulitoka mkali kama risasi, ukapinda kushoto. Wakati huohuo, nyuma ya miembe yakalipuka matarumbeta.

Ilikuwa harusi. Watu wa Chemchem walikuwa wanapeleka vyombo vya bibi harusi, Najiat, na wakaamua kukatisha kiwanjani. Mbele bendi inapiga, nyuma wanawake wa sare moja ya kitenge wamejitwika masufuria, godoro, mazulia, beseni la vikombe, wanacheza kwa kuyumba.

"Foo!" Fikiri akaita. "Foo!" Nestory naye akaita kwa sauti yake ya gadi. Mama wa mbele akageuza uso kutazama nani anayemwita, akatabasamu, akapunga mkono.

Nurdini hakufikiri. Mpira haukuwa wake, lakini pumzi ilikuwa tayari tumboni.

"INAMAAAAAA!"

Harusi nzima ikainama. Masufuria yakalia chini, godoro likaanguka juu ya waliolibeba, wapiga tarumbeta wakachuchumaa na tarumbeta zao wamezikumbatia. Mpira ukapita pale vilipokuwa vichwa, ukalipiga goma kubwa la bendi lililobaki limesimama peke yake, *duuu*, ukadunda, ukalala nyasini.

Mpiga goma akaunyanyua uso. "Nani amepiga nje ya mdundo?" akauliza.

Fikiri alikwishavua kofia, anakimbia kwenda kuomba radhi, anashika mikono ya kila mmoja, anauliza nani ameumia. Hakuna aliyeumia, kikombe kimoja tu kilivunjika mkono. Yule mama wa mbele alijipapasa uso, amejua ulikuwa wapi sekunde chache nyuma. Akauliza aliyeita ni nani. Wakamwonyesha fundi. Akamwendea, akamshika mabega, akatoa kigelegele kilichopokewa na wenzake wote, kikaenda hadi mwisho wa kiwanja na kurudi.

"Mnamaliza saa ngapi mchezo wenu?" akauliza.

"Bado mashimo matano, mama," Nestory akasema.

"Mashimo hayahami. Harusi ni leo."

Hapo ndipo mechi ilipoishia. Wenyeji na wageni walijitwika masufuria, Fikiri akabeba godoro peke yake kama adhabu aliyojipa, bendi ikaanza upya. Walikatisha mitaa ya mjini na viatu vyao vya gofu vinavyokwaruza lami, watu wakitoka majumbani kushangaa. Nurdini alipita kumchukua Zuwena, akamwita kutoka nje ya ua, na Zuwena akatoka mbio na upawa mkononi akidhani kuna moto.

Pilau ilikuwepo ya kutosha. Wachezaji walipangwa kwenye mikeka, sinia baada ya sinia, na Nestory aliwaeleza wazee wa upande wa bwana harusi kwamba kuanzia wiki ijayo hakuna tena foo pale kiwanjani, ni inama, na kwamba kila kundi likifika karibu na njia mmoja wao atatangulia hadi kwenye miembe kuhakikisha, ndipo wenzake wapige. Wazee waliitikia kwa vichwa, midomo imejaa.

Ni siku ya pili yake ndipo mtu alipoulizia kombe la mechi. Nalo lilikuwa limeletwa harusini na mgeni mmoja aliyeogopa kuliacha klabuni bila mlinzi. Walilikuta nyumbani kwa bwana harusi, jikoni, kinamama wanalitumia kuchotea sharubati ya ukwaju, na kwa jinsi lilivyowafaa, wageni wa Mwanza waliona si vizuri kulidai.