Bakuli la Shaba la Golnesa

Saa tatu asubuhi, Golnesa Rahpeyma anasugua mayai meusi ya samaki juu ya chekeche, taratibu, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa maji baridi. Kijiko chake ni cha mfupa. Katika kituo hiki cha wavuvi karibu na Anzali, pwani ya Bahari ya Kaspi nchini Iran, chombo cha metali hakigusi kaviari, kama mayai haya yanavyoitwa, maana huiharibu.

"Kila mtoto wa pwani hii anajua," anasema. "Mimi mwenye miaka thelathini na mmoja kazini ndimi niliyesahau. Andika hivyo hivyo, usinifichie."

Mwaka jana majibu ya sampuli ya kaviari iliyopelekwa maabara ya mji wa Rasht yalikuja na kishindo: madini ya risasi yamezidi kiwango mara nne. Wafanyakazi kumi na tisa wakaambiwa kituo kitafungwa. Huyu alilaumu mto, yule bahari.

Kesho yake Golnesa akaenda kwa mkuu wa kituo kukiri. Sampuli ilikuwa imekaa siku mbili, na chumvi yake, ndani ya bakuli la shaba la marehemu mama yake, lililopakwa bati la zamani lenye risasi. Aliona aibu kuwatumia watu wenye elimu chakula ndani ya plastiki.

"Mama, sisi si wageni wako!" Keyvan Shabrang, mpimaji wa maabara, alimwambia kwa simu. "Lete nyingine, na safari hii tudharau kidogo. Tumia chupa yetu."

Keyvan angeweza kukataa kupima tena. Alipima upya: risasi na zebaki chini kabisa ya kiwango, chuma, zinki na seleni, madini yanayoufaa mwili, tele. Kituo kikapona.

Ndipo Keyvan akauliza, "Na hilo bakuli, mama, nyumbani linafanya kazi gani?"

Hapa Golnesa anaacha kusugua. Kila asubuhi alimlishia mtindi humo mjukuu wake Tarlan, mwenye miaka minne.

"Nilimbeba Tarlan moja kwa moja hadi kwa daktari. Walikuwa wanapima samaki, kumbe wananiokolea mtoto."

Damu ya Tarlan ilikutwa na risasi, lakini daktari alisema wamewahi. Mwezi uliopita kipimo kilishuka kwa zaidi ya nusu. Bakuli Golnesa amelitoboa kwa msumari, mtu asilitumie tena.

"Namshukuru Mungu, na namshukuru yule kijana. Hakunicheka, aliuliza."

Ijumaa hii Keyvan amealikwa chakula cha mchana. Golnesa amenunua sahani za kioo. "Azikague mwenyewe, mpimaji wangu," anasema akicheka, huku machozi yakimlengalenga. "Lakini mlangoni atapokelewa na Tarlan. Nataka amwone anavyokimbia."