Ng'ombe wa Nani?

Mayige wa Dutwa ni kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Mwizi wa ng'ombe akikaidi, yeye ndiye hutangaza kwamba atengwe: asisalimiwe, asipewe moto, asisagiwe hata kibaba cha mahindi, mpaka atoe fahali, watu wale nyama, yaishe.

Basi Hashimu, mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira kwenye televisheni, alipomweleza kwamba tajiri mwenye timu ya Ulaya wanayoishabikia amewekewa vikwazo kwa ajili ya vita vya huko kwao, na timu haiuzi tena hata jezi, Mayige alicheka sana.

"Ametengwa huyo! Si atoe fahali?"

"Fahali gani, mzee? Vita hivyohivyo vimepandisha mafuta. Jenereta siwashi. Jumamosi hakuna mpira."

Mayige alitoka amenuna, akasukuma baiskeli yenye gunia lake la mahindi hadi mashineni. Akakuta kufuli. Dizeli haishikiki, wakamwambia waliokuwa pale. Akageuza, kichwa kinamzunguka. Tajiri mwenyewe hamjui, vita vyenyewe hajui vilianzia wapi. Au fahali alishatolewa, wakala nyama hukohuko, wakasahau kuwaambia watu wa Dutwa?

Nyumbani mkewe, Klementina, alitia mkono guniani akatoa punje nzima.

"Mpira hakuna, unga hakuna," alisema. "Baba Mihayo, wewe ndiye mtengaji wa watu. Hebu niambie, sisi tumeiba ng'ombe wa nani?"