Nyuzi Zisizokuwepo Kitambaani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Sindano, si kwa kazi yake tu bali kwa ulimi pia. Mwaka ule wa gonjwa, wakati kila mtu amejifungia ndani, cherehani yake haikupumzika: barakoa asubuhi, barakoa jioni. Hapo ndipo alipoanza kuokota nyuzi. Anapangusa kitambaa, anashona kidogo, anapangusa tena.

"Uzi gani huu usio na adabu? Nautoa, unarudi!"

Binti yake hakutilia maanani. Fundi na mabaki ya nyuzi, kuna ajabu gani? Lakini shangazi alipoanza kuuliza nani anawasha na kuzima taa mchana kweupe, binti akaomba miadi ya daktari wa macho. Hospitali ilipokea wa dharura tu. Wengine daktari aliwaona kwanza kwa video, ndipo aamue nani aje, nani asubiri.

"Anipe matone, basi," shangazi alisema. "Huko nitaingia na jicho, nitoke na kifua."

Daktari akatokea kwenye simu, macho mekundu kwa uchovu, nyuma yake kabati la nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi unatibia watu chumbani?"

"Ndiyo kliniki yenyewe, mama. Haya, ziba jicho la kushoto kwa kiganja. Ukutani unaona nini?"

"Kalenda." Akasoma mwezi, akasoma tarehe, akamalizia na jina la duka la vitambaa kwa herufi ndogo kule chini, bila kusita.

"Vizuri sana. Basi nitakuandikia matone, halafu..."

Shangazi akarudia kitambaa chake mapajani. Akapangusa.

Binti aliyeshika simu roho haikumtulia. Kalenda ile ilikuwa mbele ya cherehani tangu mwaka uanze. Mama yake angeisoma hata usingizini. Akatazama kitambaa. Cheupe pe, hakina uzi hata mmoja.

"Daktari, ngoja! Anaokota nyuzi ambazo hazipo, na anaona taa ikiwaka na kuzimika mchana kweupe."

Daktari akasogea karibu na simu. "Mama, ziba tena jicho lile. Mtazame binti yako puani, usihamishe jicho. Begani amevaa nini?"

Shangazi akakaza jicho puani kwa binti.

"Hana bega," shangazi alisema polepole. "Upande ule kuna giza, kama mtu kashusha pazia."

"Na kalenda?"

"Naijua kwa kichwa. Naogopa hospitali, mwanangu."

"Nyuzi hizo na mwanga huo vinatoka ndani ya jicho lako, mama. Utando wa nyuma unabanduka. Ukibanduka mpaka katikati, jicho limekwenda. Njoo sasa hivi, na usile kitu."

Akapasuliwa siku hiyohiyo, kisha akaamriwa alale kifudifudi ili utando ushike mahali pake. Mwanamke yule! Miguu yake ilikanyaga godoro kama inakanyaga cherehani. "Barakoa zangu nani anazipinda?" aliuliza mto. Kila akisikia hatua mlangoni alitaka kuinua kichwa, na binti akakirudisha chini.

Majuma yakapita ndipo daktari akapiga tena video. Safari hii binti aligeuza kalenda, akaandika tarakimu nyuma yake kwa kalamu nene, akasimama kando.

"Tatu," shangazi alisema. "Au nane. Msiniharakishe! Sijui, daktari, aliyeandika ana mwandiko wa kuku. Lakini bega lake naliona."