Ndizi Ndani ya Mfuko wa Bawa

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu Kemunto, kila nikikuona umepiga magoti sakafuni hivyo, unakunja hema na kusukuma blanketi kwenye begi, na bawa lako la kurukia limeegemea ukutani. Wacha shangazi yako nikae hapa kwenye stuli, maana magoti yangu hayataki tena kuchuchumaa, nikusimulie ya baba yako. Yeye mwenyewe hatakusimulia. Yuko sebuleni anajifanya anasoma gazeti, lakini hajafungua ukurasa tangu uanze kufunga mizigo.

Baba yako alikuwa kijana mwembamba, kichwa kigumu. Alijifunza kuruka kule Bonde la Kerio, na rafiki yake wa huko akamwachia bawa kuukuu, kitambaa kikubwa kilichotandazwa kwenye mabomba, unaning'inia chini yake na upepo unakubeba. Hapa Nyakoe hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Alipotangaza kwamba atapiga kambi juu ya kilima cha Manga na kuruka kutoka ukingoni, sokoni hapakuzungumzwa lingine.

Siku ya kuondoka alipakia kila kitu mwenyewe. Alivuta mishipi kuipima nguvu, akapangusa mabomba, na zile pini ndogo zinazofunga mabomba yasiachane angani akazitia kwenye kifuko, kifuko akakitia ndani ya mfuko mrefu wa bawa. Kisha akaenda kuoga.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Unajua kwetu mtu haondoki nyumbani na mfuko wenye nafasi, watu watadhani huna watu wa kwenu. Nyanya yako alikuja na ndizi mbivu. Jirani akaleta njugu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na chupa ya maziwa, nangoja zamu yangu. Nyanya yako alipoona ndizi haziingii zote, alitoa kile kifuko, akadhani ni misumari ya fundi, akakiweka juu ya kabati. Mfuko tukaufunga kwa furaha, umevimba kama mbuzi aliyevamia shamba la mahindi.

Manga tulipanda na nusu ya soko nyuma yetu. Baba yako akafungua mfuko, ndizi zikaanza kutoka, watu wakacheka, naye akacheka. Halafu akaingiza mkono ndani ya mfuko. Akapapasa, akapapasa, akaumwaga mfuko wote kwenye nyasi. Pini hazikuwepo. Nyanya yako akashika kiuno, akakumbuka kabati.

Kurudi Nyakoe na kupanda tena, upepo ungekuwa umekwisha. Nao ulikuwa upepo mzuri, na watu walikuwa wamefunga vibanda vyao kuja kumwona. Jamaa mmoja aliyekuwa akijenga hapo karibu akaleta misumari. Baba yako akajaribu mmoja kwenye tundu la pini, ukaingia, ingawa ulikuwa unacheza. Nikamwona anatazama umati, kisha anatazama bonde, nikajua ataruka. Niliogopa, nikainama kuokota ndizi zilizomwagika.

Nyanya yako ndiye aliyesogea. Hakupaza sauti.

"Ndizi nilikuwekea kwa sababu nakupenda," alimwambia. "Usinifanye nizililie ndizi hizo maisha yangu yote. Kama unaogopa aibu, nipe mimi niibebe."

Na aliibeba kweli. Mwanamke ambaye hata kanisani hakuwahi kusimama kutoa ushuhuda aliugeukia umati ule, akasema pini amezitoa yeye, leo hakuna kuruka, njooni mle ndizi. Wengine waliguna, wengine wakala huku wanaguna. Baba yako aliketi kwenye nyasi akimenya ndizi yake polepole, machozi yanamlengalenga.

Baba yako alilala huko juu kambini, na kesho yake alfajiri nyanya yako alipanda tena Manga kwa miguu, kifuko amekifunga kwenye pindo la leso. Umati haukuwepo. Tulikuwa sisi tu, na akina mama waliokuwa wakichuma majani chai pale chini. Baba yako akakimbia, ardhi ikamwachia, akaelea juu ya chai na migomba bila sauti, na nyanya yako amejiziba mdomo kwa leso. Sijaona kitu kizuri kama kile tena. Ah, Kemunto, ningetoa chochote asubuhi ile irudi, na mama awepo.

Basi nisikilize, mwanangu. Mkono wa mwisho kuingia kwenye mfuko wa bawa uwe wako. Ukitoka hata kunywa chai, ukirudi ufungue uangalie upya, hata kama aliyekaa kando yake ni mama yako mzazi. Sisi tunaokupenda hatujui pini ni nini, na tunapenda sana kusaidia. Na ukifika juu ukakuta kitu kimepungua, kunja bawa lako urudi nyumbani. Waliokuja kukutazama watapata kingine cha kutazama. Hapa hakuna atakayekucheka, na akitokea, basi ni mimi, na kicheko changu umeshakizoea.

Mungu akupe upepo wenye huruma, akushushe polepole kwenye nyasi laini, na akurudishe kwenye meza hii tukuone ukila. Mfuko wako sijaugusa. Ndizi zimo kwenye kikapu, hapo mlangoni. Baba yako ndiye aliyeziweka huko.