Maji Baridi ya Naivasha

Harufu ya tope la ziwani bado hunikausha mate. Nikiisikia tu, nakuwa tena mtoto wa miaka tisa, kwenye shamba la mzungu kando ya Ziwa Naivasha, wakati wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni.

Baba alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe. Siku moja alinituma nikaoshe debe la dawa ya kupe kwenye shimo lililochimbwa mbali na maji. Mimi, kwa uvivu wangu, nikaliosha ziwani. Jioni hiyo upepo ulianza kuvuma kutoka upande wetu kwenda ng'ambo, na haukupumzika kwa siku tatu. Ulipotulia nilienda kuteka maji, nikatia mguu, nikauchomoa mbio. Yalikuwa baridi ajabu, meusi, yakinuka tope. Ndipo nikawaona samaki, wamelala ubavu ufuo mzima, midomo wazi. Nimeua ziwa, nilijiambia, nikakimbia bila ndoo.

Mzungu alitupanga mstari, wakubwa kwa watoto.

"Nani natia dawa kwa maji?" alinguruma. "Kama hapana sema, yote nakwenda!"

Kwenda kulikuwa kupoteza nyumba, na mahindi tuliyokuwa karibu kuvuna. Nilitaka kusema, lakini niliinamisha kichwa na kushika shati la Baba. Baba, aliyesimama kando yangu, alinitazama mara moja tu.

"Ni mimi, Bwana. Nilioshea debe huko."

Siku hiyohiyo tulipandishwa lori, sisi peke yetu, tukaenda Njoro kwa shangazi.

Nilikuja kujua ukweli nikiwa chuo cha ualimu. Hata baharini hutokea: upepo husukuma maji ya juu yenye joto, na ya chini, baridi, hupanda kushika nafasi yake. Yale ya chini ya ziwa letu yalikuwa hayana hewa, samaki wakakosa pumzi. Lakini yalipanda na mbolea ya tope la chini. Majirani tuliowaacha shambani walituambia baadaye kwamba maji yaligeuka kijani kwa mwani, chakula cha samaki, na samaki wakajaa kuliko zamani. Dawa ya debe moja ingefanya nini?

Nilienda Njoro kumweleza Baba.

"Baba, hatukuua samaki. Si mimi, si wewe. Ulifukuzwa bure."

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Bure?" aliuliza. "Kwani nilisema kwa sababu ya samaki?"